Muhuri wa Kiazi

Jumatatu, 11 Februari 2013

Theluji ya Ijumaa imegoma kuyeyuka. Mabasi matatu kutoka kwetu Weston, Toronto, mpaka Richmond Hill, karibu saa mbili njiani! Nimefika soksi zimelowa.

Wiki ya pili sasa kwa huyu bibi. Anaitwa Zoya, ana miaka themanini na tatu, mjane. Kuna mama mwingine huja asubuhi sana kumwogesha. Mimi ni wa mchana: chakula, dawa, kumnyanyua kitini, kumpeleka dirishani akatazame barabara na kumrudisha. Binti yake Larisa anafanya kazi kliniki ya meno, anarudi saa kumi. Jennifer wa ajensi iliyoniajiri alinieleza mapema. Bibi amesahau Kiingereza chote, kimebaki Kirusi tu, na kichwa kinakuja na kuondoka. Nitumie ishara za mikono. Nikasema sawa.

Ishara za mikono! Mimi niliyekaa Voronezh, Urusi, miaka mitano, nikasoma udongo na mbolea kwa Kirusi, nikaota kwa Kirusi, nikatukanwa sokoni kwa Kirusi.

Siku ya kwanza nilikuwa nimeshafungua kinywa nimsalimie. Kikajifunga chenyewe. Ni kwa sababu ya ile fomu ya 2006 ya kuomba kuja Kanada, kule kambi ya wakimbizi Kibondo. Kwenye fomu, mwaka 1984 mpaka 1989 imeandikwa kwamba nilikuwa kwetu: mkulima, Rumonge. Bernard ndiye aliyenishauri. Alikuwa anajazia watu fomu nusu ya kambi, ana mwandiko mzuri. Akasema Kanada hawachukui mtu aliyesomea kwa Warusi, kuna jamaa wa zoni ya pili amekataliwa kwa sababu alipita Kuba. Huyo jamaa hakuna aliyemjua. Lakini nani angebisha, na wenzako wanapanda ndege? Nikaifuta Voronezh. Nikalima Rumonge miaka mitano bila kushika jembe.

Na tarehe 5 Machi nina mahojiano ya uraia. Fomu ileile itafunguliwa mbele ya macho yangu.

Basi mama na mwana wanazungumza mbele yangu wakidhani sisikii kitu. Najua Larisa anavyoona viatu vyangu. Amesema kwa mama yake vinanuka mbwa aliyenyeshewa. Ni kweli, lakini bado.

(Kirundi ni cha mke wangu Iteka na Mungu, Kifaransa cha vyeti, Kiingereza cha kazi. Kiswahili ni cha mtaa wetu wa Buyenzi, cha jikoni kwa mama. Ndiyo maana naandikia hiki.)

Jumatano, 13 Februari 2013

Nimefanya upumbavu. Grechka.

Ni nafaka yao ya kahawia, Larisa aliiacha mbichi mezani nimpikie bibi. Nikaikaanga kidogo bila mafuta, nikatia maji, nikatia siagi, nikafunika sufuria, nikaifunga taulo na kuiweka chini ya mto kitandani ijiive yenyewe. Hivyo ndivyo alivyotufundisha mama wa bweni Voronezh. Mkono ulifanya, mimi nilikuwa nawaza basi. Larisa akarudi mapema, akakuta sufuria imelala kitandani kwa mama yake. Akasimama. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema intaneti. Akasema intaneti haijui habari za mto. Akacheka. Mimi nikacheka zaidi ya ilivyohitajika.

Kisha kicheko kikaisha. Alirudi mapema kwa sababu alitoka kwa daktari. Ana uvimbe shingoni upande wa kushoto, nilishamwona akiushikashika. Alikaa karibu na mama yake bila kuvua koti. Mimi nikaosha vyombo nimewapa mgongo. Vyombo vilevile, mara tatu.

Daktari bingwa anataka habari za utoto wake. Alizaliwa wapi hasa, alilelewa wapi, kama aliwahi kupatwa na mionzi akiwa mdogo. Kama ndiyo, hatasubiri, ataondoa tezi yote ya shingo. Kama hapana, watauangalia uvimbe miezi sita kwanza. Larisa kazaliwa 1956 na cheti chake kinasema Chelyabinsk. Bibi naye akajibu Chelyabinsk, kama watu wote, na yeye alikuwa kiwanda cha peremende. Larisa akauliza kiwanda kilikuwa mtaa gani. Bibi akatazama dirisha. Akasema anataka chai.

Miadi nyingine ni tarehe 4 Machi, na daktari anataka jibu siku hiyo.

"Kama watu wote." Sauti ile imenikaa masikioni. Ndiyo yangu mimi nikisema Rumonge.

Ijumaa, 15 Februari 2013

Leo lazima niandike yote.

Televisheni ilikuwa inaonyesha kimondo. Kilipita angani huko Urusi, mpira wa moto na mkia wa moshi, vioo vimevunjika, watu wana damu kwenye vipaji vya nyuso. Kisha jina la mji: Chelyabinsk. Nilitafuta rimoti, sikuiona. Nilikuwa nimeikalia.

Bibi akasimama. Huyu ambaye natumia mikono miwili na goti kumsimamisha! Akasimama peke yake, akashika pazia, akaniambia kwa Kirusi, haraka haraka, kwa sauti ya msichana aliyezoea kuamrisha:

"Imelipuka tena. Funga madirisha. Loweka vitambaa. Viatu vyote nje!"

Mwili ulitii kabla ya akili. Nikafunga dirisha ambalo limefungwa tangu Oktoba. Nikaloweka taulo, nikaziba chini ya mlango. Nikatoa viatu kibarazani, jozi sita, vikazama kwenye theluji. Akaniamrisha nipige deki kuanzia mlangoni, maji mara mbili, na kitambaa kisitumike tena. Nikapiga deki. Kisha akaanza kulia. Mtoto yuko nje, Larisochka yuko kwenye kigari chini ya dirisha, nguo zimeanikwa, vumbi linashuka, hakuna wa kumwingiza.

Na mimi, mjinga wa wajinga, nikamjibu. Kwa Kirusi! Nikamwambia nimeshamwingiza ndani, amelala.

Akanitazama. Hakushangaa hata kidogo. Akasema vizuri, akakaa, akataka chai. Nusu ya chai niliimwaga kwenye sahani.

Kwenye daftari la huduma nimeandika: amekula vizuri, amesikitishwa kidogo na habari. Ajensi wanatufundisha kwamba kisichoandikwa hakikutendeka. Larisa aliporudi akauliza viatu vinafanya nini nje. Nikasema nilikuwa napiga deki. Akatazama sakafu, akatazama mlango, akanishukuru. Hilo la kushukuriwa ndilo limeniuma.

Jumapili, 17 Februari 2013

Jana nilimweleza Iteka. Habari za Voronezh anazijua, ana hata picha yangu nimevaa kofia ya manyoya, ameificha chini kabisa ya sanduku. Alinisikiliza huku akichambua maharage. Akaniuliza swali moja tu, kama huyo binti anaumwa kweli. Nikasema bado haijulikani. Akasema, basi unangoja nini, Papa Gaël?

Kwake kila kitu ni rahisi! Nikisema ninachokijua, Larisa atauliza nimekijuaje. Bibi hajui Kiingereza. Nitajibu nini, malaika kanitafsiria?

Leo baada ya misa nikamvuta Bernard pembeni, karibu na makoti. Siku hizi anakaa Brampton, ana tumbo na suti, lakini bado ni mshauri wa kila mtu. Akaniambia nisubiri. Niimbe wimbo wao wa taifa kwanza, nishike cheti mkononi, ndipo niwe msema kweli. Akasema kuna mtu kanyang'anywa uraia kwa kosa dogo kuliko langu. Nikauliza nani. Jamaa mmoja wa kule London, hapa hapa Ontario, jina limemtoka.

Njiani kurudi nikagundua kwamba huyu jamaa naye hakuna anayemjua. Nimecheka peke yangu kwenye basi. Lakini hofu haikupungua hata nukta.

Tarehe 4 iko kabla ya tarehe 5. Laiti zingebadilishana! Siku moja tu.

Jumanne, 19 Februari 2013

Jana ilikuwa sikukuu, sikwenda. Leo nimemkuta bibi ananingojea. Amevaa bruchi ya pini kifuani, nywele zimechanwa. Larisa alipotoka tu, akaniambia:

"Ndugu, hatimaye wamekutuma."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Anadhani mimi ni wa Idara ya Kwanza. Chuoni kwetu pia ilikuwepo, mlango umevikwa ngozi, hauna kibao. Kazi yao kutunza siri na kuwachunga wanaotunza siri. Mtu mweusi anayejua Kirusi akaja nyumbani kwake bila kusema anakijua — atakuwa nani mwingine? Ukifikiri sana, hajakosea sana.

Akanipa ripoti. Mgongo umenyooka, mikono magotini. Alichukuliwa 1949, ana miaka kumi na tisa, ametoka kusoma kemia. Mji ulizungushiwa waya mara mbili na askari. Kwenye ramani haupo. Hauna jina, una namba, wao waliuita Arobaini. Miaka ya mwanzo hakuna aliyetoka, mama yake alizikwa yeye hayupo. Dukani kulikuwa na chokoleti na soseji, na nje ya waya watu wanapanga foleni ya mkate. Kiwandani walipika kile kitu kinachotiwa ndani ya mabomu. Yeye alibeba chupa zake kwa mikono hii, akanionyesha mikono.

Halafu Jumapili moja ya Septemba 1957 tangi la takataka za kiwanda likalipuka. Watu walikuwa mpirani. Hawakuambiwa kitu, ila baadaye wakaambiwa wapige deki na waache viatu nje. Mtoto alikuwa kwenye kigari uani tangu mchana mpaka jioni. Vumbi lilikuwa juu ya blanketi. Alilikung'uta kwa kiganja.

Mwaka uliofuata wakaruhusiwa kuhama. Akasaini hati ya kutotaja mji, wala kazi, wala Jumapili ile. Alimuuliza afisa, hata mtoto nisimwambie? Hata mtoto. Vyeti vya watoto wote wa mle ndani viliandikwa Chelyabinsk.

Miaka hamsini na tano! Mumewe kafa naye hajasema. Bibi ananieleza haya kwa fahari, anataka niandike kwamba hajavunja. Kisha uso ukabadilika, akauliza kwa sauti ndogo:

"Saini yangu inaisha lini?"

Nikasema nitauliza.

Nitamuuliza nani? Nchi ile imekufa, na mlango ule wa ngozi sijui nani anautumia. Lakini namwelewa. Kibondo tulikatazwa kupita kilomita nne kutoka kambini. Mwaka wangu wa kwanza hapa Toronto, basi likifika mbali nilikuwa nahesabu kilomita na kutafuta polisi kwa macho. Hakuna aliyenikataza. Miguu ndiyo ilikuwa haijaambiwa.

Jumatano, 20 Februari 2013

Nimelala vibaya, nimeamka na wazo. Bibi akimwambia Larisa mwenyewe, mimi sihitajiki. Sihitaji hata kujua Kirusi. Anachokosa ni ruhusa, na ruhusa anaingoja kwangu.

Ni wazo baya. Halitoki kichwani.

Ijumaa, 22 Februari 2013

Nimelifanya.

Voronezh, sisi wanafunzi wa nje hatukuruhusiwa kutoka mjini bila kibali chenye muhuri. Kibali kilichukua wiki tatu. Kiazi kilichukua dakika ishirini. Unakikata katikati, unachonga kinyume kwa wembe, unakipaka wino. Kiazi kilinifikisha Leningrad mara mbili na kunirudisha.

Leo nilikuwa namenya viazi vya supu. Vilikuwa pale, na bitiruti ilikuwa pale, na maji yake ni zambarau kama wino wa serikali yao. Nikachukua karatasi kwenye printa ya Larisa. Nikaandika kwa Kirusi, kwa mwandiko wa ofisi: raia huyu anafunguliwa katika ahadi ya siri aliyoisaini mwaka 1958, anaruhusiwa kumweleza binti yake. Tarehe. Saini ya mkorogo. Muhuri. Mwanamume wa miaka arobaini na tisa, baba wa mtoto, nimeinama juu ya sinki nachonga kiazi! Jasho lilinitoka mpaka kwenye masikio.

Nikampa kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akasoma mara mbili, midomo inacheza. Akapitisha kidole juu ya muhuri. Akainusa!

Akasema zamani wino ulikuwa mzuri zaidi. Basi. Akaikunja mara nne, akaipachika kwenye mkono wa sweta.

Amejua? Kama amejua, mbona ameikunja kwa adabu namna ile? Kama hakujua, mbona alinitazama vile? Sijui nani amemdanganya nani. Kiazi nilikitupa kwenye pipa, nikakitoa, nikakitia mfukoni, nikasafiri nacho mabasi matatu.

Iteka amekikuta kwenye koti. Nikaeleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Akasema nimemghushia bibi wa watu karatasi ili nisiseme ukweli mimi. Nikaenda kuoga.

Jumanne, 26 Februari 2013

Kimya. Kila siku nikifika namtazama Larisa usoni. Hakuna kitu. Anashika shingo, anatafuta funguo, anaondoka.

Nimemuuliza bibi atamwambia lini. Kesho, ndugu. Jana pia ilikuwa kesho.

Alhamisi, 28 Februari 2013

Leo hakunijua. Asubuhi nzima aliniogopa. Saa sita akili ikamrudia, akakaa wima, akanipa ripoti upya tangu mwanzo, 1949, waya, chokoleti, kigari, blanketi. Mpangilio uleule, neno kwa neno. Na mwisho uleule: saini yangu inaisha lini?

Nikaitoa karatasi kwenye sweta yake, nikamwonyesha. Akaisoma kama mpya. Akafurahi upya. Akalia upya. Mimi nikatoka kwenda kuzoa theluji ambayo haikuwepo.

Siku nne zimebaki. Nimechanganyikiwa kabisa. Naamka nimeamua kusema, nafika kituo cha Finch nimeamua kunyamaza, nashuka Richmond Hill sina uamuzi wowote.

Jumapili, 3 Machi 2013

Nimekariri majimbo kumi na miji mikuu yake. Mwanangu Gaël ananihoji kwa Kiingereza, nikikosa anashika kichwa. Kitabu chote kimeingia. Kisichoingia ni miaka mitano ya Rumonge. Wakiniuliza nililima nini? Mihogo? Nilipanda mwezi gani? Iteka anasema hata uongo wangu haukulimwa. Mtu niliyesomea mbegu!

Bernard amepiga simu kunikumbusha nivae tai. Nisiseme mengi, nijibu nilichoulizwa.

Jumatatu, 4 Machi 2013

Saa saba na nusu mchana. Niko jikoni kwao. Naandika haraka.

Larisa hakwenda kazini, miadi ni saa tisa mjini. Alinifungulia mlango ameshika karatasi. Ile.

Bibi kamwambia jana jioni. Yote! Mji wa namba, waya, Jumapili, kigari, vumbi alilolikung'uta kwa kiganja. Alipomaliza akatangaza kwamba ana ruhusa, akatoa karatasi kwenye sweta kuthibitisha. Larisa akaniuliza kwa Kiingereza nani amekuja nyumbani kwake. Karatasi ni ya printa yake, tarehe ni ya wiki juzi, na muhuri unanuka supu. Nilikuwa nimevua kiatu kimoja. Nikabaki na kile kingine mguuni.

Bibi akasema kutoka kitini, kwa furaha kabisa, kwamba amuulize ndugu huyo, yeye ndiye aliyeileta.

Larisa akanigeukia. Akasema kwa Kirusi, polepole:

"Unanielewa?"

Nikasema naelewa. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu siku ya kwanza. Nilidhani atanipiga kofi. Akafikiri kidogo, nikaona anakumbuka habari za viatu vyangu, akawa mwekundu mpaka kwenye shingo ile. Akakaa kwenye ngazi.

Akauliza kama haya ni kweli au ni ugonjwa. Nikamwambia mama yake hakumbuki amekula nini saa moja iliyopita, lakini habari hii ameniambia vilevile kila mara, hata blanketi halibadilishi nafasi. Akalia kidogo, kwa hasira. Akauliza mbona sikusema, wiki mbili, na yeye anajishika shingo mbele yangu. Nikafungua kinywa. Hakuna lugha iliyokuja, na ninazo tano.

Akajifuta. Akasema daktari hatamwamini. Kwenye faili imeshaandikwa Chelyabinsk na kiwanda cha peremende, na kwamba mama ana ugonjwa wa kusahau. Anahitaji mtu mwenye akili timamu aliyesikia kwa masikio yake. Akaweka mbele yangu karatasi nyeupe na kalamu. Niandike kwa Kiingereza jina langu, bibi alisema nini, lini, na Kirusi nimejifunzia wapi na miaka gani, maana hilo ndilo la kwanza daktari atakalouliza. Kisha niweke saini.

Nikauliza kama naweza kumletea keshokutwa. Akauliza kwa nini keshokutwa. Nikamwambia. Fomu, Kibondo, Rumonge, kesho saa tatu asubuhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, wala hakunihurumia. Akashika shingo, akasema:

"Miadi ni leo, Gervais."

Akatoka kwenda kupasha gari moto.

Nimeandika jina. Nimeandika tarehe 15, 19 na 28 Februari. Mji, tangi, kigari, vumbi, yote kwa mwandiko mzuri, hakuna kosa. Umebaki mstari mmoja. Nimefungua daftari hili ili mkono upate pa kushika. Karatasi hii inakwenda kwa daktari, haiendi kwa afisa. Bernard angesema karatasi zote zinajuana. Iteka angesema alichokwisha kusema. Naweza kuandika nimejifunza vitabuni, mwenyewe, jioni, baada ya kulima. Mihogo mchana, Kirusi jioni! Daktari atasoma hilo na kuitupa karatasi yote, na shingo ya mtu itangojea miezi sita.

Bibi ananitazama kutoka kitini. Leo kichwa kipo. Ameniuliza sasa hivi, kwa upole:

"Wewe nawe ulisaini?"

Nikasema ndiyo.

Ameinua mkono, ameonyesha kabati chini ya sinki.

"Viazi viko kwenye kapu, ndugu."

Larisa anapiga honi. Nimechukua kalamu. Nimeandika V, nimeandika o, na honi inapigwa tena.